Spika Zilizogeuzwa Stuli

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikunywa chai juu ya spika mbili na sikuona ajabu yoyote. Zilikaa sebuleni kwa baba na mama, kule Mbozi, moja kulia kwa kochi kubwa na nyingine kushoto, kila moja imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na sote tuliziita stuli. "Sogeza stuli, mgeni aweke kikombe." "Nani kamwaga mchuzi kwenye stuli?" Watoto wangu hawakuzijua kwa jina jingine. Walichojua ni kwamba babu ana stuli mbili za bluu na kwamba ukijigonga mguu kwenye moja utalia.

Zilikuja na baba. Ujana wake aliumalizia kwenye migodi ya shaba ya Zambia, kama vijana wengi wa kwetu wa wakati ule, na siku aliporudi kabisa hakurudi na baiskeli wala cherehani kama wenzake. Alishuka kwenye treni Tunduma akiwa na sanduku la nguo, amplifaya, deki ya kaseti, na hizo spika mbili za mbao zimeviringishwa kwenye mablanketi. Nasikia babu yangu alizizunguka mara mbili, akaziangalia nyuma, kisha akauliza ng'ombe wako wapi.

Umeme hatukuwa nao. Baba alitumia betri ya gari, ikiisha nguvu anaipeleka kwa baiskeli kwenye mashine ya kusaga ikachajiwe. Jumapili tukitoka kanisani watu walijaa uani kwetu kusikiliza. Mimi nilikuwa mdogo, nilikaa chini nimeegemeza mgongo kwenye spika ya kulia, na besi ilikuwa inanipitia mbavuni mpaka nasahau njaa. Hilo nalikumbuka vizuri. Nilidhani ni jambo la utoto, kwamba kila kitu huwa kikubwa ukiwa mdogo.

Kisha baba mdogo akaoa. Huyu ni mdogo wake baba, wa tumbo moja, na siku zile walikuwa hawaachani. Wakienda shambani wanaongozana, wakirudi wanaongozana, wakicheka utadhani ni mtu mmoja anacheka mara mbili. Baba mdogo akaazima spika kwa ajili ya harusi yake, na baba akampa bila neno. Zikapigwa siku mbili mfululizo. Siku tatu kabla ya Krismasi akazirudisha kwa mkokoteni wa ng'ombe. Baba alikuwa kwenye shamba la kahawa, mama yuko mtoni, aliyempokea ni mimi, nina miaka tisa. Akaziweka mahali pake sebuleni, akanigusa kichwani, akasema, "Mwambie kaka nimezirudisha zinaimba."

Nikamwambia baba hivyo hivyo.

Sasa, kwetu Krismasi haiji nyumba ikiwa chafu. Wiki nzima watu wanapaka kuta, wanapaka milango, wanapaka hata mawe ya pembeni mwa njia. Mama alikuwa amemaliza milango na madirisha kwa rangi ya mafuta ya bluu, na ndani ya kopo ikabaki robo hivi. Mimi nikaziona zile spika. Zilikuwa za kahawia, zimechubuka pembeni, zimepata vumbi la harusi. Nikachukua brashi. Nikapaka juu, nikapaka ubavuni, na mbele, kwenye kile kitambaa cha usoni mwa spika, nikapaka mara tatu, maana kitambaa kilikuwa kinainywa rangi na mimi sikutaka kibaki na madoa. Baba aliporudi alisimama mlangoni, akaangalia, akaita watu waje waone. "Huyu mtoto ana mikono," alisema. Sikuwahi kusifiwa vile. Siku ya Krismasi nilipewa kipande cha nyama cha watu wazima.

Na siku hiyo hiyo ya Krismasi, baba mdogo akiwa ameketi na bibi harusi wake na wakwe zake, baba akaunganisha betri akaweka kaseti. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayeimba ndani ya gunia la mahindi. Baba akaongeza sauti. Gunia likaongezeka. Akazima, akamgeukia mdogo wake.

"Umeniunguzia spika."

"Kaka, nimezirudisha zinaimba."

"Zimeungua, na unanidanganya mbele ya watu."

Baba mdogo aliweka sahani chini, akamshika mkewe mkono, wakaondoka hawajala. Mwaka mpya ulipoingia alihamia bondeni Kamsamba kulima mpunga. Tangu hapo alikuja kwetu kwenye misiba tu, akakaa nje, akasalimia kwa adabu zote, na hakuwahi kuweka kinywani hata maji ya nyumba ya kaka yake. Mama alijaribu, mchungaji alijaribu. Baba alikuwa na jibu moja: spika ni mbao na waya, yeye alichokasirikia ni uongo. Baba mdogo naye alikuwa na jibu moja: hakusema uongo. Na spika zikavishwa vitambaa, zikawa stuli.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka msimu wa kahawa uliopita, wazazi walipoamua kuweka malumalu sebuleni. Mama akanipigia simu niende kuchukua stuli, maana ndugu zangu wamemnunulia meza ya kioo na hana pa kuziweka. Mimi ni wakala wa forodha mpakani Tunduma, kazi yangu ni kupitisha mizigo ya watu na kubishana, na nina gari la kubebea. Nikazichukua nikazipeleka kwangu Chapwa. Nia yangu, nisiseme uongo, ilikuwa kuzikwangua rangi, kuzipaka vanishi na kuzifanya meza za kando ya kitanda.

Nilianza Jumamosi asubuhi, uani, na kisu cha jikoni. Ile fremu ya mbele yenye kitambaa ilikuwa imegandishwa na rangi pande zote, nikaipitishia kisu polepole kuizunguka, nikaivuta. Ikatoka kwa mlio wa kuchanika. Kitambaa kilikuwa kigumu, ukikigonga kinalia ko ko ko. Nikakiweka pembeni nikachungulia ndani.

Jamani! Koni, lile bakuli la karatasi linalotikisika likitoa sauti, ilikuwa nyeusi, safi, haijatoboka, haijaliwa na mende. Juu yake kuna twita, kispika kidogo cha sauti nyembamba, inang'aa. Mbao ya pembeni, pale ambapo brashi yangu haikufika, ilikuwa na rangi ya asali. Nilikuwa nimekaa kwenye kindoo cha plastiki na nikajikuta nimesimama. Sikujua kwa nini. Kilikuwa tu kitu kizuri, na kitu kizuri kilikuwa chini ya kikombe changu miaka yote hiyo.

Nikatoa fremu ya pili, nikaziacha fremu zote mbili uani, nikapakia spika kwenye gari nikaenda kwa fundi wa redio. Ni Mzambia mtu mzima, alifungua kibanda upande wetu wa Tunduma na bado akisalimia anachanganya Kibemba. Nikamwambia angalia kama zinafaa kuuzwa vipuri, maana zimeungua zamani.

"Mulishani, mayo," akanisalimia, yaani hujambo, mama. "Nani amesema zimeungua?"

"Baba yangu."

Fundi hakubisha. Alichukua betri ya tochi, betri moja tu, akagusisha nyaya mbili nyuma ya spika. Koni ikaruka mbele, tup! Akaondoa, ikarudi. Akagusisha tena. Tup! Akaja kwenye ya pili, nayo ikaruka. Akanitazama akicheka.

"Awe, mayo," akasema, na *awe* ni hapana ya kwao. "Hizi hazijaungua. Spika ikiungua koili, ule waya wa ndani, hairuki, imekufa kabisa. Na ona pembeni ya koni, hii ni ya kitambaa. Zile za sponji zingeshaoza. Nani alikuwa nazo?"

"Tulikuwa tunawekea chai."

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Nilichokisikia ni kwamba baba mdogo hakuunguza spika. Miaka yote ile alikuwa anasema kweli, na kweli yake ilikuwa imekaa sebuleni kwetu, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Fundi aliniuzia amplifaya ya zamani na deki ya kaseti, akanikatia nyaya nene, akanionyesha nyekundu iende wapi na nyeusi iende wapi, na kunionya kwamba nikizichanganya besi itakimbia. Nilirudi Chapwa naendesha gari kama nimebeba mayai. Nikaziweka sebuleni pande mbili, nikaizima ile sabufa yangu, ambayo kazi yake ni kupiga kifua tu, nikafungua kopo la kaseti za baba ambalo mama alinipa pamoja na stuli. Nikachagua ya rumba. Maandishi yake yalishafutika, lakini wimbo wa kwanza naujua, ninao kwenye simu, napika nao chakula kila siku.

Naujua? Nilikuwa siujui.

Kwanza kulikuwa na mtu anayevuta pumzi. Kabla ya gitaa, kabla ya kitu chochote, mwimbaji alivuta pumzi, na alikuwa amesimama pale kati ya kabati na dirisha, ningeweza kumwonyesha kwa kidole. Kisha gitaa likaingia kushoto, na nikasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi, kile kimlio chembamba cha ngozi na waya. Kulia kukaingia gitaa la pili. Sikuwahi kujua kuna gitaa la pili! Besi haikupiga kelele, ilitembea tu sakafuni, ikanipanda miguuni, ikafika kwenye mbavu pale pale nilipoiacha nikiwa mtoto. Kwa hiyo haikuwa utoto. Ilikuwa kweli. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya nyumba. Nikacheza, mimi mwanamke wa umri huu, na soksi miguuni, huku malori yanapumua barabarani.

Nikampigia mama simu, nikaielekeza kwenye spika.

"Ni nani hao wamekuja kwako?" akauliza.

"Ni stuli zako, mama!"

"Usiongee upuuzi," akasema, lakini hakukata simu mpaka wimbo ukaisha.

Nilisikiliza kaseti nne. Ya kwaya ilinifanya nilie, maana kila sauti ilisimama mahali pake na nikaweza kumfuata mwimbaji mmoja wa sauti ya pili mwanzo hadi mwisho. Mchana upepo ukaanza, na vumbi la Chapwa halina aibu, linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Nikaona koni zinapata vumbi. Nikaenda uani nikachukua zile fremu za bluu, nikazipachika mbele, kwaya ikiendelea kuimba.

Kwaya ikaingia kwenye gunia.

Nilidhani waya umechomoka. Nikainama nikaangalia, nyaya ziko sawa. Nikatoa fremu: kwaya ikarudi. Nikaipachika: gunia. Nikatoa. Nikapachika. Nadhani nilifanya hivyo mara saba au nane, kama mjinga, kabla sijakigonga kile kitambaa kwa kucha na kukisikia kinalia ko ko ko.

Mara tatu. Nilipaka mara tatu, kisiwe na madoa.

Nilikaa chini. Furaha yote ya asubuhi bado ilikuwa mwilini, miguu bado ina joto la kucheza, na juu yake ikanimwagikia aibu ambayo sijawahi kuipata hata siku niliyoanguka mtihani. Huyu mtoto ana mikono. Mimi ndiye niliyeziba. Baba mdogo alizileta zinaimba, akanipa ujumbe mimi, na mimi, kabla ya siku mbili kuisha, nikazifunga mdomo na nikasifiwa. Na nyama nikala. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikiria kwamba rangi inaweza kuziba sauti. Kwetu rangi ilikuwa usafi, na usafi hauharibu kitu.

Mimi si mtu wa kulala na jambo. Jioni haijaingia nilikuwa nimeshampigia baba mdogo Kamsamba.

"Shikamoo, baba mdogo. Nakuomba Jumapili ijayo uje kwa kaka yako."

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Basi nije kufanya nini?"

"Zile spika hazikuungua. Nimejua leo."

Nilisikia ng'ombe wake upande wa pili, na mtu akiwafukuza kwenye mpunga.

"Mimi nilijua tangu siku ile," akasema. Kisha akaongeza, "Nitakuja. Ila ndani siingii."

Jumapili alifika na koti lake la kanisani, amekonda, nywele nyeupe zote. Alikaa kwenye benchi uani, karibu na vichanja ambako kahawa ilikuwa imeanikwa, mahali pake pa misibani. Baba alimsalimia kutoka barazani, akarudi kwenye kiti chake. Walikuwa hatua ishirini na tano hivi mmoja kutoka kwa mwenzake, na mama katikati hajui asimame wapi. Mimi nilishapanga spika barazani, zimevaa fremu zake za bluu, umeme nimeuvuta kutoka dirishani. Nilikuwa na hofu, na nusu yake ilikuwa hamu. Nilitamani wasikie, hata kama baada ya hapo watanifukuza.

Nikaweka ile kaseti ya rumba, fremu zikiwa bado kwenye spika. Gunia likaanza kuimba.

"Unaona?" baba akasema kwa sauti, lakini akiniangalia mimi, si mdogo wake. "Ndivyo alivyozileta."

Baba mdogo akashika kofia yake ainuke.

"Baba mdogo, kaa!" nilisema, kwa ukali ambao haifai mtoto kuutumia kwa mzee. Akakaa. Nikatoa fremu ya kulia, nikatoa ya kushoto.

Mwimbaji alisimama kati ya nguzo mbili za baraza. Gitaa la pili likaja. Baba aliinuka kwenye kiti, akaja mpaka kwenye spika ya kulia, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayepima homa ya mtoto. Uani, baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa, na nikaona mguu wake wa kulia unagonga chini. Hakujua kama unagonga.

Wimbo ulipoisha nilizima. Nikaokota fremu moja nikampa baba.

"Gonga, baba."

Akagonga. Ko ko ko.

"Ni rangi," nikasema. "Niliipaka mimi. Alizileta zinaimba, nikazipaka Krismasi ile, mara tatu. Na wewe ulinisifu."

Baba aliigeuza fremu, akaangalia nyuma yake, ambapo rangi ilikuwa imepenya na kukauka kwa matone. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kupigwa, na umri wangu huu.

"Nilikusifu," akasema taratibu. "Niliita watu."

Akaweka fremu chini. Akashuka ngazi za baraza, akapita kando ya vichanja vya kahawa bila fimbo yake, akasimama mbele ya benchi.

"Mdogo wangu," akasema. "Uliniambia kweli."

"Nilikuambia," akajibu baba mdogo.

Mama alikuwa ameshakimbilia jikoni, na sijawahi kuona chai ikitoka haraka vile. Alikuja na kikombe kimoja kwenye kisahani, kimejaa, akasimama uani akaangalia kushoto na kulia. Hapakuwa na pa kukiweka. Meza ya kioo ilikuwa ndani, na ndani baba mdogo alishasema haingii. Stuli zilikuwa barazani, na hazikuwa stuli tena.

Baba akakipokea. Kwetu kaka mkubwa hamshikii mdogo wake kikombe; anayeshika ni mdogo, au mwanamke, au mtoto, na baba ni mtu wa kufuata hizo taratibu kuliko wote ninaowajua. Alikishika kile kisahani kwa mikono miwili, akainama kidogo kifike usawa wa benchi. Baba mdogo alikitazama kikombe, akakiinua, akanywa funda moja, akakirudisha kwenye kisahani mikononi mwa kaka yake.

"Sukari kidogo," akasema.

"Mama, leta sukari," baba akasema, hakugeuka.

Baba mdogo akaniangalia. "Washa tena," akaniambia. Nikawasha. Alikunywa polepole, anapiga funda, anakirudisha, anasikiliza, na baba akabaki ameinama pale pale juani, ameshika kisahani, mpaka kikombe kikaisha.